Dadu Kama Vibarua: Kuuelewa Mchezo wa Roll for the Galaxy

Ukimwambia mtu kuna mchezo wa mezani wenye dadu 111, atakachofikiria kwanza ni ludo iliyopagawa. Ludo tunaijua: unatikisa, unaomba sita, sita inagoma, kete zako zinabaki nyumbani huku mwenzako anazunguka ubao kwa raha zake. Dadu ndiyo inayoamua, wewe kazi yako ni kusogeza. Ukiongeza kwamba mchezo wenyewe unahusu himaya za angani, sayari ngeni na biashara ya kati ya nyota, huenda akakuaga mapema.

Mchezo ninaouzungumzia ni Roll for the Galaxy, uliotolewa mwaka 2014 na kampuni ya Marekani ya Rio Grande Games. Waliobuni ni Wei-Hwa Huang na Tom Lehmann. Lehmann alikuwa tayari na jina kwa sababu ya Race for the Galaxy, mchezo wa karata wa mwaka 2007 ambao galaksi yake ndiyo hiihii. Huang aliwahi kuwa mhandisi Google, na ametwaa ubingwa wa dunia wa kutegua mafumbo mara 4 kati ya 1995 na 1999. Watu wa aina hiyo hawawezi kukuketisha saa nzima unaomba sita.

Lakini wengi wanaoucheza mara ya kwanza huinuka na kichwa kinauma. Sheria zake hazina mambo mengi kupita kiasi. Kinachowachanganya ni kwamba wameingia na fikra za ludo. Wanazitazama dadu kama majibu ya bahati, ilhali hapa dadu ni mfanyakazi. Kila dadu ni kibarua, na uso ulioangukia juu unaeleza kibarua huyo leo ameamka na hamu ya kazi gani. Ukishalishika hilo, sehemu kubwa ya sheria inajipanga yenyewe.

Tuanze na vilivyo mezani. Hakuna ubao mkubwa wa pamoja. Kila mchezaji ana kikombe cha kutikisia dadu, pazia la karatasi ngumu la kuficha anachofanya, ukanda wenye picha za kazi tano, na vigae vyake vya mraba mbele yake. Kila kigae kina pande mbili: upande mmoja ni sayari ya kuhamia, wa pili ni mradi wa maendeleo, na ni wewe unayechagua utumie upi. Namba iliyoandikwa kwenye kigae, kuanzia 1 hadi 6, ni idadi ya vibarua wanaohitajika kukikamilisha. Namba hiyohiyo ndiyo pointi utakazopata mwisho wa mchezo.

Kazi tano hufanyika kwa mpangilio usiobadilika. Ya kwanza ni Kuchunguza: kila kibarua aliyepo hapo anaweza kukuletea kigae kipya au sarafu 2. Ya pili ni Kuendeleza, yaani kujenga miradi. Ya tatu ni Kuhamia, yaani kujenga makazi kwenye sayari. Ya nne ni Kuzalisha: kibarua anakwenda kwenye sayari yako yenye rangi na kugeuka kuwa bidhaa. Ya tano ni Kusafirisha: kibarua anaichukua bidhaa hiyo na kuiuza kwa sarafu, au kuitumia kupata pointi.

Hapo hakuna la kutisha. Fundo liko kwenye sharti moja: katika kila mzunguko, kazi hizi tano hazifanyiki zote. Zinafanyika zile tu ambazo angalau mchezaji mmoja amezichagua, na kila mchezaji anaruhusiwa kuchagua moja tu.

Tafakari maana yake. Unatikisa dadu zako nyuma ya pazia, unazipanga kila moja chini ya kazi inayoonekana kwenye uso wake, halafu unachukua dadu moja na kuiweka juu ya kazi unayotaka ifanyike kwa hakika. Wenzako nao wanafanya hivyohivyo, kimya, kwa wakati mmoja. Mapazia yakiondolewa, kazi zilizochaguliwa zinafanyika kwa kila mtu. Ukiwa umepanga vibarua wawili kwenye Kuzalisha na hakuna aliyechagua Kuzalisha, wawili hao wanarudi kikombeni bila kufanya lolote. Na kama jirani ameichagua kazi uliyoitamani lakini hukuichagua, unadandia lifti yake bure.

Wazo hili la "mmoja anachagua, wote wanafanya" lilipata umaarufu mkubwa kupitia Puerto Rico, mchezo wa Andreas Seyfarth wa mwaka 2002. Tofauti ni kwamba Puerto Rico inachezwa kwa zamu na kila kitu kiko wazi, hapa unakisia. Wenzako watachagua nini? Hilo ndilo swali gumu kuliko yote mezani, na dadu haziwezi kukujibia.

Sasa turudi kwenye bahati, maana wanaoulaumu mchezo huu huanzia hapo. Dadu nyeupe, ile ya kibarua wa kawaida, ina nyuso 2 za Kuchunguza na uso mmojammoja wa kazi nne zilizobaki. Chukua kikombe chenye dadu nyeupe 5. Unataka kukamilisha sayari ya gharama 3 katika mzunguko mmoja, kwa hiyo unahitaji vibarua 3 kwenye Kuhamia. Kama mchezo ungekuwa ludo, yaani unachukua kilichoanguka na kushukuru, uwezekano wa kupata angalau nyuso 3 za Kuhamia kati ya dadu 5 ni kama asilimia 3.5. Ungesubiri hadi ukate tamaa.

Lakini kumbuka ile dadu unayoitumia kuchagua kazi. Sheria inasema inaweza kuwa dadu yoyote, uso wowote, na ukishaiweka inafanya kazi hiyo uliyoichagua. Dadu iliyoangukia Kuzalisha ukiitumia kuchagua Kuhamia, inageuka kuwa kibarua wa Kuhamia. Kwa hiyo nyuso zinazotakiwa zianguke zenyewe ni 2 tu. Uwezekano unapanda hadi asilimia 19.6.

Kuna kifungu kingine ambacho wageni wengi hukisahau. Kila mchezaji anaruhusiwa kurudisha dadu yake moja kikombeni, na kwa kufanya hivyo akahamisha dadu nyingine moja kwenda kazi yoyote anayotaka. Ni kama kumwambia kibarua mmoja "leo pumzika" ili mwenzake akubali kubadili kazi. Sasa katika dadu 5 unahitaji uso mmoja tu wa Kuhamia uanguke wenyewe: mmoja huo, wa pili ni dadu ya kuchagulia, wa tatu umemhamisha, wa nne umemrudisha, wa tano yuko huru. Uwezekano unafika karibu asilimia 60.

Kutoka 3.5 hadi 60, kwa dadu zilezile. Nimewahi kumwona mtu akilalamika raundi nzima kwamba dadu zake "zimelogwa", na mbele yake zimelala dadu tatu ambazo angeweza kuzigeuza mbili kati ya hizo bila kumwomba mtu ruhusa.

Wanaobuni michezo huzigawa bahati katika makundi mawili, na mgawanyo huo unasaidia sana hapa. Kuna bahati inayokuja kabla ya uamuzi: umepewa hali fulani, sasa onyesha unavyoitumia. Na kuna bahati inayokuja baada ya uamuzi: umeamua, sasa tuone kama utafaulu. Mfano mzuri wa kundi la pili ni Martian Dice ya Scott Almes, mchezo mdogo wa mwaka 2011. Humo wewe ni kiumbe wa Mirihi unayekuja duniani kuteka kuku, ng'ombe na binadamu. Unatikisa dadu 13, vifaru vya kijeshi vikitokea unalazimika kuviweka kando, na kila mara unaamua: nitikise tena au niishie hapa? Ukizidiwa na vifaru kuliko miale yako ya kuulia, unaondoka mikono mitupu. Unachekesha na unafundishika kwa dakika mbili, lakini uamuzi wako unangoja kuhukumiwa na dadu.

Roll for the Galaxy umegeuza mpangilio huo. Dadu huanguka kwanza, hukumu inafuata, na hukumu ni yako. Wasiwasi unaobaki baada ya hapo unatoka kwenye vichwa vya wenzako.

Tuutazame mzunguko mmoja kwa karibu. Asha, Baraka na Mwanaidi wanacheza. Asha ana dadu 5: nyeupe 4 na nyekundu 1. Nyekundu ni vibarua wa kijeshi, wanaoelemea zaidi kwenye ujenzi. Anatikisa na kupata Kuchunguza mbili, Kuzalisha moja, Kuhamia moja, na ile nyekundu nayo imeangukia Kuhamia. Juu ya rundo lake la sayari kuna kigae cha gharama 3.

Anaichukua ile ya Kuzalisha, kwa kuwa hana sayari ya kuzalishia, na kuiweka juu ya Kuhamia. Tayari ana vibarua 3, sayari itakamilika. Zimebaki dadu mbili za Kuchunguza. Je, amrudishe mmoja kikombeni ili amhamishe mwingine? Anachungulia upande wa Baraka. Baraka amebakiwa na sarafu 1 na hana kigae hata kimoja cha kujenga. Mtu wa hali hiyo hana kwa kwenda isipokuwa Kuchunguza. Asha anaziacha dadu zake mbili palepale.

Mapazia yanaondolewa. Asha amechagua Kuhamia, Baraka Kuchunguza kama ilivyotabiriwa, na Mwanaidi naye amechagua Kuhamia. Zinafanyika kazi mbili tu. Asha anachunguza kwa mgongo wa Baraka: kibarua mmoja anamletea kigae, wa pili sarafu 2. Kisha anakamilisha sayari yake na kupata dadu mpya ya rangi ya sayari ile. Mwanaidi, ambaye alikuwa amepanga vibarua 2 kwenye Kuendeleza akitegemea kuna atakayeichagua, anawazoa na kuwarudisha kikombeni. Dadu za Asha hazikuwa nzuri hata kidogo. Alichofanya ni kusoma umaskini wa Baraka.

Sasa fedha, ambazo kwa maoni yangu ndizo roho ya mchezo, ingawa maelezo mengi hupita juu yake haraka. Kibarua akishafanya kazi harudi kikombeni mwenyewe. Anakwenda kukaa sehemu ya raia, na hakuna jina linaloifaa sehemu hiyo kuliko kijiweni. Anakaa huko mpaka umlipe sarafu 1 ndipo arudi kikombeni kwa mzunguko unaofuata. Ukiwa na dadu 9 kijiweni na sarafu 2 mfukoni, utatikisa 2 pamoja na zile zilizobaki kikombeni. Galaksi inakuona tajiri wa watu lakini huna mshahara. (Mchezo una huruma kidogo: ukimaliza kuajiri ukabaki na sifuri, unapewa sarafu 1.)

Hapa ndipo wachezaji wapya huteleza. Wanaona sayari zinaleta dadu, wanajenga sayari juu ya sayari, halafu wanashangaa kikombe kinatoa sauti ya dadu tatu. Dadu nyingi bila sarafu ni foleni tu ya watu kijiweni. Ndiyo maana pia yule kibarua aliyekosa kazi kwa sababu hakuna aliyeichagua si hasara kamili: anarudi kikombeni bure, hujamlipa mtu. Kwa mtu aliyefulia, kukisia vibaya wakati mwingine kunapunguza maumivu.

Angalia hesabu ya biashara. Bidhaa ya buluu inauzwa sarafu 3, ya kahawia 4, ya kijani 5, ya njano 6. Ukisafirisha, kibarua aliyebeba na bidhaa yenyewe, ambayo nayo ni dadu, vyote viwili huenda kijiweni. Kuwarudisha wote ni sarafu 2. Kwa hiyo bidhaa ya njano inakuachia faida ya sarafu 4, ambayo ni nzuri sana, lakini ya buluu inakuachia 1. Faida hiyohiyo ya 1 ungeipata kwa kibarua mmoja tu wa Kuchunguza: anakuletea 2, unamlipa 1. Umeunganisha sayari, uzalishaji na usafirishaji ili upate alichokuwa anakuletea kibarua mmoja asubuhi. Bidhaa ya buluu, basi, mara nyingi usiiuze. Itumie kwa pointi.

Na pointi zina utamu wake. Bidhaa unayoitumia badala ya kuiuza inakupa pointi 1. Dadu iliyokuwa bidhaa ikiwa na rangi ya sayari ile, unaongezwa 1. Kibarua aliyeisafirisha naye akiwa na rangi ileile, unaongezwa 1 tena. Jumla 3 kwa safari moja. Dadu za zambarau, zile za ulaji, zinakubalika kama rangi yoyote kwenye hesabu hii, na ndiyo sababu wapenda usafirishaji huzigombea. Hapo ndipo rangi zinapoacha kuwa mapambo. Kwenye dadu za rangi utakutana pia na alama ya nyota, kibarua asiyechagua kazi, unayempanga popote. Nyeupe haina nyota hata moja, na njano zinazo kwa wingi.

Kutokana na hayo wachezaji hugawanyika. Wapo wajenzi, wanaotaka Kuchunguza, Kuendeleza na Kuhamia, na wapo wafanyabiashara, wanaotaka Kuzalisha na Kusafirisha. Mchezo unakwisha mwisho wa mzunguko ambao mtu yeyote amefikisha vigae 12 mbele yake, au akiba ya pointi imekauka, na akiba hiyo ni 12 kwa kila mchezaji, yaani 36 mkiwa watatu. Mjenzi anakimbilia mlango wa kwanza, mfanyabiashara anakimbilia wa pili. Kukimbilia mlango wako kabla mwenzako hajauona wake ni sehemu ya ustadi, na mimi nimeshuhudia watu wenye himaya za kupendeza wakibaki wameduwaa kwa sababu walidhani kuna mizunguko mitatu mbele.

Ila kuna mtego usioonekana kirahisi. Ukiwa mfanyabiashara peke yako mezani, hakuna wa kukupa lifti. Wajenzi wawili wakichagua mmoja Kuhamia na mwingine Kuendeleza, kila mmoja anafaidika na chaguo la mwenzake. Wewe ukichagua Kuzalisha, unafanya hilo tu, na Kusafirisha unangoja mzunguko unaofuata. Kinyume chake ukifanana nao sana, nao watakudandia wewe. Njia ninayoiona ya busara ni kukaa nusu ndani nusu nje: uwe na vibarua wachache kwenye kazi ambayo karibu kila mtu ataichagua, na chaguo lako liwe ile kazi ambayo wewe ndiye utakayeifaidi zaidi. Mkiwa wawili tu, sheria inaleta dadu nyeupe ya ziada inayotikiswa wazi, na uso wake unaongeza kazi moja. Kwa kuwa nyuso 2 kati ya 6 ni Kuchunguza, hiyo ndiyo lifti ya kuitegemea zaidi.

Mchezo huu una udhaifu, na ni haki mtu ajue kabla ya kutoa fedha zake. Wa kwanza ni pazia. Kila mtu anapanga dadu zake gizani, na mgeni akikosea, kwa mfano akihamisha dadu mbili badala ya moja, hakuna atakayejua. Ni mchezo wa kuaminiana. Wa pili ni ukimya: huwezi kumvamia mtu, huwezi kumnyang'anya sayari, na anayependa kelele za karata, za kupiga meza na kutambiana, anaweza kuona kama kila mtu anafanya mtihani wake. Binafsi ukimya huo hunifurahisha, maana dakika ile mapazia yanapoondolewa huwa na makelele ya kutosha. Wa tatu ni upatikanaji. Boksi lake ni zito kwa sababu ya dadu na vikombe, na kuliagiza kutoka nje kunaweza kukugharimu usafiri wa kuumiza. Lipo toleo la kidijitali la Temple Gates Games, ambalo linalinda sheria lenyewe na kukuhesabia kila kitu, na kwa kujifunzia naliona bora kuliko boksi.

Kama ni boksi mnalo na kuna wageni mezani, wekeni mapazia kando mizunguko miwili ya mwanzo. Kila mtu atikise wazi, aeleze kwa sauti anaweka dadu gani wapi na kwa nini anadhani jirani atachagua nini. Siri itaharibika, pointi zitakuwa za ovyo, lakini ndani ya dakika 10 kila mmoja atakuwa ameona kwa macho yake dadu ya Kuzalisha ikigeuka kuwa ya Kuhamia, na kibarua akilipwa kutoka kijiweni. Kisha rudisheni vigae, hesabuni sarafu upya, na muanze mchezo wenyewe mkiwa mmejificha.